Kisa cha R136a: nyota moja ya Jua 2,500 iliyogeuka umati

Mwaka 1981, Cassinelli, Mathis na Savage wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha katika jarida la Science dai lililozua ubishi mkubwa: katikati ya Nebula ya Tarantula, wingu kubwa la gesi linalozaa nyota, kuna nyota moja, R136a, yenye masi ya takriban mara 2,500 ya Jua letu. Mwaka 1985 "nyota" hiyo ikaonekana kuwa nane. Picha zilizofuata ziliendelea kuinyambua mpaka ikabaki nukta iitwayo R136a1, ambayo hadi leo hutajwa kuwa nzito kuliko nyota zote zilizowahi kupimwa. Hata hivyo uzito wake nao haujatulia: ilikuwa mara 265 ya Jua mwaka 2010, ikawa 215 mwaka 2020, kisha 196 mwaka 2022.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya wataalamu waliochemsha, halafu wenye kamera nzuri wakaja kuwaumbua. Mimi siafiki. Hesabu ya 1981, ukiifuata hatua kwa hatua, haina dosari ya kuchekwa. Kilichokwenda kombo ni mpangilio wa maswali: iliulizwa ina masi gani kabla ya kujulikana ni nyota ngapi. Na swali la ngapi halimalizwi na hesabu. Linahitaji picha kali.

Tuanze na mahali penyewe, maana sisi wa Uganda tunapaona bila taabu. Tarantula imo ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu iliyo umbali wa takriban miaka-nuru 160,000. Ulaya halionekani kabisa. Kwetu, mwishoni mwa Januari mnamo saa nne usiku, simama Kigungu pale Entebbe au kwenye fukwe za Kalangala, tazama kusini juu ya maji. Nyoosha mkono, pandisha ngumi mbili kutoka upeo wa ziwa, hapo pana doa hafifu kama wingu lisilosogea. Mwezi uwe haujachomoza, na umeme ukiwa umekatika mtaani, basi umepata bahati. Herufi R katika jina la nyota yetu nayo ni ya Afrika: inatoka Radcliffe, kituo cha darubini kilichokuwa Pretoria, ambako Feast, Thackeray na Wesselink walitoa mwaka 1960 orodha ya nyota angavu za Mawingu ya Magellan. R136 ni namba 136 katika orodha ile, na herufi a ni ya sehemu yake angavu zaidi.

Sasa hesabu. Shuleni ninakofundisha fizikia tuna chama cha Kiswahili, na siku nilipowaeleza wanachama kisa hiki binti mmoja wa S6 aliuliza, "Samahani mwalimu, hiyo mizani waliiweka wapi?" Swali la haki kabisa. Nyota hupimwa masi moja kwa moja pale tu inapozungukana na nyenzake, kwa sababu mwendo wa mzunguko unaonyesha nguvu ya mvutano. R136a haikuonekana kuzungukana na chochote. Walichokuwa nacho ni mwanga.

Mwanga una nguvu ya kusukuma. Ndani ya nyota kubwa sana mwanga unasukuma gesi nje, mvutano unaivuta ndani, na nyota inasimama tu pale mvutano unaposhinda. Mpaka huo huitwa kikomo cha Eddington. Kwa gesi ya kawaida ya nyota changa, kila masi ya Jua moja inaweza kuhimili mwanga wa takriban Jua 40,000, ukizidi hapo nyota inajipeperusha yenyewe. Vipimo vya urujuanimno vya setilaiti ya IUE, iliyorushwa 1978, vilionyesha kitu chenye joto la zaidi ya nyuzi 60,000, upepo unaokwenda kilomita 3,500 kwa sekunde, na mwanga wa karibu Jua milioni 100. Milioni 100 gawanya kwa 40,000. Unapata 2,500. Nyota isiyofikia masi hiyo isingeweza kutoa mwanga wote ule bila kusambaratika.

Binti yule aliifanya nyuma ya daftari lake kwa sekunde chache, akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hesabu imetoka sawasawa, nikamwambia, lakini rudi kwenye sentensi ya kwanza. Nani alisema mwanga huo ni wa nyota moja?

Hapa watu wa ziwani wanaelewa haraka kuliko wa mjini. Wavuvi wa mukene, dagaa wa ziwani, huingia ziwani usiku wa giza na taa, zamani za karabai, siku hizi nyingi za sola. Ukisimama nchi kavu unaona mwanga mmoja mbali majini. Taa mbili zilizoachana mita moja, ukiwa umbali wa kilomita tatu na nusu hivi, hata jicho zima kabisa huziona kuwa moja. Mzee mmoja wa pale Kigungu, nilipomwonyesha mwanga uliokuwa mkali kuliko mingine, alicheka: "Ile si taa kubwa, mwalimu. Ni taa zimekaa pamoja." Mtu asiyejua hilo, ukimpa kipima-mwanga kizuri cha maabara, atakuambia watts za ile taa kwa usahihi mkubwa, na bado atakuwa amekosea kwa sababu hakuna taa ya namna hiyo.

R136 ilikuwa tatizo lile lile kwa kipimo cha kutisha. Chukua digrii moja, igawe mara 60 upate dakika ya pembe, igawe tena mara 60 upate sekunde ya pembe. Hewa ya Dunia, inayochemka na kuyumba muda wote, hutandaza mwanga wa nyota hadi upana wa karibu sekunde moja, hata kioo cha darubini kiwe kikubwa namna gani. Kwenye umbali wa Wingu la Magellan, sekunde moja ya pembe ni sawa na mara 50,000 ya umbali kutoka Dunia hadi Jua. Nafasi hiyo ni kama sehemu ya tano ya umbali wa kutoka Jua hadi Proxima, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote. Yaani ndani ya nafasi ambayo kwetu haina nyota hata moja zaidi ya Jua, pale wangeweza kujificha majitu kadhaa na picha ikaonyesha doa moja.

Walikuwepo waliolisema hilo mapema. Walborn mwaka 1973 aliona kwamba kiini cha Tarantula kinafanana na NGC 3603, kundi changa la nyota lililosongamana katika galaksi yetu wenyewe. Mwaka 1983 Moffat na Seggewiss wakaliuliza swali waziwazi: ni nyota kubwa kupita kiasi, au ni kiini cha kundi? Hoja yao ilikuwa nzuri, ila ilikuwa hoja ya kufananisha. Upande wa pili ukijibu "lakini hapa ni tofauti", huna la kumwonyesha.

Kilichomaliza ubishi ni picha. Mwaka 1970 Mfaransa Antoine Labeyrie alikuwa ameonyesha kwamba ukipiga picha kwa muda mfupi sana, sehemu ndogo tu ya sekunde, hewa haipati nafasi ya kuyumba. Kila picha inatoka na madoa mengi madogo yaliyotawanyika, na kila doa lina ukali kamili wa kioo cha darubini. Picha moja haina maana yoyote kwa macho. Kusanya maelfu, zichakate kihesabu, na umbo halisi linajitokeza. Weigelt na Baier walitumia mbinu ya aina hiyo huko La Silla, Chile, na mwaka 1985 wakachapisha matokeo: ukali wa sekunde 0.09, na R136a ikiwa imegawanyika nyota nane ndani ya upana wa sekunde moja hivi. Herufi na namba za R136a1, a2, a3 na kuendelea zinatokana na mgawanyo huo.

Sasa ule mwanga wa Jua milioni 100 ugawie nyota zinazoutoa. Katika nyota za kawaida mwanga hupanda kwa kasi kubwa kuliko masi, kwa hiyo kosa kubwa la mwanga huleta kosa dogo tu la masi, na hilo ni ulinzi. Karibu na kikomo cha Eddington ulinzi huo unatoweka: mwanga na masi vinakwenda karibu sambamba, na ukigundua kwamba nusu ya mwanga ni wa jirani, nusu ya masi inakwenda naye. Ndiyo maana nyota hizi, kuliko nyingine zozote, uzito wake uko mikononi mwa mpiga picha.

Baada ya hapo ikaja darubini ya Hubble, nje ya hewa kabisa, iliyorushwa 1990 na kurekebishiwa kasoro ya kioo chake Desemba 1993. Picha zake za miaka ya 90 zilionyesha kundi zima, si kiini tu, na mwaka 1998 Massey na Hunter wakachukua spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa rangi zake, za nyota moja moja mle ndani. Walikuta nyota za aina ya O3, zilizo miongoni mwa zenye joto kali kabisa, nyingi kuliko zote zilizokuwa zinajulikana kwingineko zikijumlishwa. Fikra ya jitu moja ilikuwa imekufa. Ikazaliwa fikra ya kinyume, kwamba asili haitengenezi nyota nzito sana kabisa. Mwaka 2005 Figer alihesabu nyota za kundi la Arches karibu na kitovu cha galaksi yetu, akaona kwamba kundi zito namna ile lilipaswa kuwa na nyota kadhaa za zaidi ya mara 150 ya Jua, na hakuna hata moja iliyoonekana. Namba 150 ikaingia vitabuni kama dari.

Dari hilo lilidumu miaka mitano. Mwaka 2010 Crowther na wenzake walirudi R136 wakiwa na picha za infraredi kutoka darubini ya VLT huko Chile, kwa kutumia kifaa kinachopindapinda kioo kidogo mara nyingi kwa sekunde ili kufuata mtikisiko wa hewa na kuufuta. Waliunganisha picha hizo na spektra za VLT na za Hubble. R136a1 ilitoka na mwanga wa Jua milioni 8.7, joto la takriban nyuzi 53,000, na masi mara 265 ya Jua. Kwa kuwa nyota hii hupuliza upepo mkali tangu izaliwe, waliirudisha nyuma hadi masi ya kuzaliwa: 320. Ilikuwa imepoteza zaidi ya Jua 50 katika umri wa miaka milioni moja na kidogo. Ukitaka kuona jinsi nyota hizi zinavyoishi haraka, Jua letu lina umri wa miaka bilioni 4.6 na bado halijafika mwisho.

Magazeti yalifurahi. Mimi napenda zaidi swali ambalo timu ile ilijiuliza yenyewe: je, na hii ni mbili? Walitazama mionzi ya eksirei, kwa kuwa nyota mbili nzito zikikaa karibu pepo zao hugongana na kutoa eksirei kali. R136a1 haikuwa na eksirei za kiwango hicho. Ni ushahidi wa kando, lakini ulikuwa mzuri.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Mwaka 2017 kamera ya SPHERE kwenye VLT ilihesabu zaidi ya nyota 1,000 katika eneo la sekunde 11 kwa 12 tu, na ikaonyesha nukta hafifu pembeni mwa R136a1 na R136a3, chini ya sekunde 0.1 kutoka kila moja. Mwaka 2020 spektra mpya za Hubble zilishusha joto hadi karibu nyuzi 46,000, na masi ikashuka nayo hadi 215. Mwaka 2022 Kalari na wenzake wakarudi kwenye mbinu ya madoa, safari hii kwa kamera ya Zorro kwenye darubini ya Gemini Kusini yenye kioo cha mita 8.1. Picha 40,000, kila moja milisekunde 60, dakika 40 za kazi. Ukali ulifika kama sekunde 0.03 hadi 0.04 katika mwanga wa kawaida, mwanga wa majirani ukatengwa, na R136a1 ikabaki na 196.

Mtu anaweza kuchora mstari hapo, kuanzia 2,500 kwenda 265 kwenda 196, akasema tukisubiri kidogo itafika 100. Hapo ndipo nasita, kwa sababu mbili zinazovutana.

Ya kwanza inaunga mkono mashaka. Katika Tarantula hiyo hiyo kuna R145, jozi ya nyota zinazozungukana. Mwaka 2009 ilionekana kwamba nyota kubwa ya jozi ile huenda inazidi mara 300 ya Jua. Mwaka 2017 mzunguko wao wa siku 159 ulichambuliwa upya, na masi zikatoka takriban 53 na 54. Hilo ni anguko kubwa kuliko la R136a1 tangu 2010, na halikuletwa na picha kali bali na kuelewa vizuri mzunguko.

Ya pili inayakataa. Jirani mwingine, Melnick 34, ni jozi ya nyota zinazozungukana kwa siku 155, na mwaka 2019 uchambuzi wa spektra ulitoa takriban 139 na 127, masi zinazoweza kulingana na mzunguko wake. NGC 3603-A1, kwenye galaksi yetu, ilikuwa imetoa 116 na 89 kwa hesabu ya mzunguko mwaka 2008. Hizo za A1 ni masi za mzunguko, zilizotokana na mvutano wenyewe, hazina shida ya mwanga wa jirani. Kama nyota ya karibu 116 ipo kwa ushahidi wa aina hiyo, na spektra zinaonyesha nyingine za karibu 140, basi nyota angavu zaidi ya hizo kuwa na 200 si muujiza. Tena mwaka 2023 timu ya Shenar ilifuatilia mwendo wa nyota hizi kwa spektra: R136c ilikutwa kuwa jozi yenye mzunguko wa siku 17, lakini kwa R136a1 hawakuona mwenza mwenye masi ya zaidi ya Jua 50 katika mizunguko ya hadi mwaka mmoja hivi.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawaandikisha "kati ya 170 na 260", wasiandike namba moja, na kando yake waweke mwaka na ukali wa picha. Wapo wanaonung'unika kwamba mtihani hautaki majibu ya hivyo. Ni kweli hautaki. Lakini vipimo vya 2020 na 2022 vyenyewe, kila kimoja na mipaka yake ya makosa, vinaingia ndani ya masafa hayo. Wanaosema 196 "imefuta" 215 hawajatazama mipaka hiyo.

Tofauti hiyo ina uzito kwa jambo moja hasa: jinsi nyota hizi zinavyokufa. Nyota ikifika mwisho ikiwa na kiini cha heli cha kati ya mara 64 na 133 ya Jua, joto la ndani linageuza mwanga kuwa jozi za elektroni na pozitroni, msukumo unapungua ghafla, kiini kinaporomoka, kisha kinalipuka na kutawanya nyota yote bila kuacha shimo jeusi. Ukishusha masi za juu kabisa, milipuko ya namna hiyo inakuwa adimu, na elementi nzito zilizotarajiwa kutoka humo inabidi zitafutiwe chanzo kingine. Kalari na wenzake waliligusa hilo.

Kidogo kuhusu darubini ya Webb, maana huulizwa kila mara. Picha yake ya Tarantula ya Septemba 2022 ni ya kupendeza mno na imepenya vumbi ambalo Hubble haikuweza kulipenya. Kwa kutenganisha nyota za R136, hata hivyo, haina faida kubwa. Ukali hutegemea kioo na pia urefu wa wimbi, na Webb, yenye kioo cha mita 6.5, hutazama mawimbi marefu ya infraredi. Hubble na mita zake 2.4 katika urujuanimno inaona vipande vidogo zaidi.

Inayosubiriwa ni darubini ya ELT, inayojengwa Cerro Armazones, Chile, kioo mita 39. Kwenye infraredi ya mikroni 2.2 itatenganisha vitu vilivyoachana takriban sekunde 0.012, ambazo kule R136 ni kama mara 600 ya umbali wa Dunia na Jua. Nukta yoyote angavu iliyojificha nje ya hapo itaonekana. Ila Melnick 34, kwa masi zake na siku zake 155, ukipiga kwa kanuni ya Kepler, nyota zake zimeachana wastani wa mara tatu na nusu hivi tu ya umbali wa Dunia na Jua. Jozi ya namna hiyo ELT nayo itaiona kuwa nyota moja, na kazi ya kuihesabu itabaki kwa watu wa spektra, usiku baada ya usiku, wakitazama mistari ya spektra ikisogea kushoto na kulia.